Kabla ya Kubadilisha Kipuri, Uliza Ugonjwa: Somo Kutoka RAV4 ya Baba

Ukikaa kantini na wanaomaliza mwaka wa tatu, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye gari. Utamsikia mmoja akisema, "Nikipata ajira tu, mkopo wa kwanza navuta RAV4. Ile ya zamani. Bei poa, imenyanyuka, inapita kila barabara." Wenzake wanaitikia. Sijawahi kumsikia anayeuliza hiyo RAV4 ikishafika nyumbani itakula kiasi gani.

Mimi nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati, ufundi wa magari sijausomea. Ila nyumbani kwetu Morogoro tunayo hiyo RAV4, ya mwaka 2001, na kwa miezi kumi na minne nimekuwa mtunza daftari wake. Kila shilingi iliyoingia gereji nimeiandika. Nilichojifunza ni hiki: pesa nyingi ya gari la zamani inapotelea kwenye vipuri vilivyobadilishwa kabla ugonjwa haujajulikana. Sisi tulipoteza Sh 585,000 kwa njia hiyo, na sehemu yake ilikuwa bumu langu.

Gari lenyewe

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mama ananunua mboga Mgeta, kule juu milima ya Uluguru, anazishusha sokoni mjini mara mbili kwa wiki: karoti, kabichi, njegere. Miaka yote alikuwa anakodi gari, na faida yote inaishia kwenye nauli. Baba alipopata kiinua mgongo, akatoa Sh 9,500,000 akanunua RAV4. Barabara ya Mgeta ina mlima na makorongo, gari dogo la chini halifai.

Kabla sijaendelea, tuelewane tunazungumzia gari gani. RAV4 ya kwanza ilitoka 1994. Hiyo nyingi zina injini ya 3S-FE, inayotumia mkanda wa taiming ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Kizazi cha pili kilianza 2000 na kudumu hadi 2005, kikaja na injini za cheni. Zilizotoka Japani mara nyingi ni za aina mbili: ya lita 1.8 yenye injini ya 1ZZ-FE, na ya lita 2.0 yenye injini ya 1AZ-FSE, ambayo wengi wanaijua kwa maandishi ya D-4. Ya kwetu ni D-4, inayoendesha magurudumu yote manne.

Usidharau tofauti hizo. Ukienda dukani ukasema tu "nataka kipuri cha RAV4", utauziwa kisichoingia. Jambo la kwanza la kuandika kwenye daftari lako ni namba ya chesisi na aina ya injini.

Maji yaliyokuwa yanapotea

Miezi minne tu baada ya kununua, mshale wa joto ukaanza kupanda tukikata mlima. Baba akifungua bonneti, maji kwenye rejeta yamepungua. Anaongeza ya bomba, safari inaendelea. Cha ajabu, chini ya gari hakuna tone.

Baba akampelekea fundi wake. Huyu fundi alikuwa mwanafunzi wake zamani, na mpaka leo akimwona anaacha spana chini kwanza: "Shikamoo, Mwalimu." Akaangalia, akasema kifuniko cha rejeta kimechoka. Tukanunua, Sh 25,000. Wiki mbili, gari inachemsha tena. Akasema thamostati inabana maji, akaitoa na kuitupa, akasafisha rejeta. Sh 60,000. Halafu ikawa pampu ya maji, Sh 170,000 pamoja na ufundi. Halafu rejeta yenyewe, ya mtumba, Sh 250,000 hadi kufungwa. Mwisho mota ya feni, Sh 80,000. Hiyo ya mwisho nilituma mimi kutoka kwenye bumu, kwa sababu Baba alikuwa ameishiwa.

Jumlisha: Sh 585,000. Na gari bado inachemsha.

Siku ya rejeta nilikuwepo. Nikamuuliza Baba pembeni, "Baba, amepimaje mpaka akajua ni rejeta?" Akanitazama kidogo. "Mwanangu, huyo nimemfundisha mimi darasa la tano." Mjadala ukafungwa.

Naomba msomaji usimwone yule fundi kama tapeli. Alikuwa anatupunguzia bei ya ufundi, na mara moja alikataa kabisa kulipwa. Tatizo ni kwamba alikuwa anabahatisha kwa nia njema. Vipuri vyote alivyovitaja ni kweli vinaweza kuchemsha gari. Ila hakuna hata kimoja alichokipima kabla ya kukitoa.

Na kuna kosa moja ambalo mafundi wetu wengi wanalifanya, la kutoa thamostati na kuiacha gari bila kitu. Thamostati ni kizuizi kinachofunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kuongeza petroli. Matokeo yake gari inakunywa mafuta, na chanzo cha kuchemsha kinabaki palepale. Tulishangaa kwa nini petroli ya Mgeta imepanda. Kumbe tuliinunua hiyo hasara kwa Sh 60,000.

Siku ya kabichi

Mwezi uliofuata gari likazima njiani, juu kule, likiwa na Mama, dereva na magunia ya kabichi. Mvuke ulitoka bonneti nzima. Mama alikaa barabarani toka saa nne asubuhi mpaka jioni, ndipo akapata gari la kumvuta. Kabichi ziliuzwa kesho yake kwa bei ya kutupa.

Baba hakusema kitu siku mbili. Siku ya tatu akanipigia simu: dalali amekuja, anatoa milioni tano, anataka kulichukua. Mimi nilikuwa najiandaa kwenda mafunzo kwa vitendo, kodi ya chumba ilikuwa itoke kwenye mboga za Mama. Nikajua gari likiondoka kwa bei hiyo, Mama anarudi kukodi, na tumezika milioni nne na nusu. Nikamwomba, "Baba, nipe Jumamosi moja tu." Akakubali, nadhani kwa kuchoka.

Rafiki yangu wa bwenini ana mjomba wake dereva wa masafa, ndiye aliyetuelekeza kwa fundi mmoja mzee, karibu na Msamvu. Tulipofika, yule mzee hakufungua bonneti. Alivuta stuli, akaanza kuuliza.

"Inachemsha ikiwa imesimama kwenye foleni, au ikiwa inatembea?"

"Ikitembea, mzee. Hasa mlimani."

"Maji yanapungua kiasi gani?"

Hapo nikatoa daftari. Nilikuwa nimeandika kila siku maji yalipoongezwa na kiasi chake: karibu lita moja kila baada ya safari mbili. Mzee akalishika, akasoma ukurasa mzima, akamwambia Baba, "Mwalimu, binti yako amenipunguzia kazi ya nusu siku."

Kwa nini aliuliza vile? Gari likichemka likiwa limesimama, halafu likapoa likitembea, shaka ya kwanza ni feni, kwa sababu ukitembea upepo unafanya kazi yake. Likichemka likitembea na hasa likibeba mzigo, shaka ni maji hayatoshi au hayazunguki. Na maji yakipungua bila kudondoka chini, kuna njia ya siri yanapopita. Kwa maswali mawili tu, mota ya feni ya Sh 80,000 ilikuwa imeshatoka kwenye orodha.

Kisha akaleta pampu ndogo ya mkono yenye saa ya mgandamizo. Injini ikiwa ya baridi, akaifunga mahali pa kifuniko cha rejeta, akasukuma upepo. Wale wa Fizikia mtanielewa: mfumo wa maji wa gari hufanya kazi chini ya mgandamizo, ndiyo maana maji yake hayachemki yanapofika nyuzi 100. Mgandamizo ukivuja, kiwango cha kuchemka kinashuka. Tukakaa tunaangalia mshale. Ukaanza kushuka polepole.

Akachukua tochi na kioo kidogo, akaingiza mkono nyuma ya injini, upande wa kuelekea kwa dereva, ambako kwa kawaida huoni kitu. Akaniita nitazame. Kwenye kioo niliona mstari mweupe wa magadi umekaukia pale hedi inapokutana na bloku, na juu yake unyevunyevu mpya. Upande huo ndiko ekzosi ilipo. Maji yalikuwa yakivuja kidogo kidogo, yakikutana na chuma cha moto, yakikauka. Ndiyo maana chini hapakuwa na tone.

Akatwambia hizi injini za familia ya AZ zinajulikana kwa ugonjwa huo. Bloku ni ya alumini, bolti zinazoshika hedi ni za chuma, na baada ya miaka ya joto na kupoa, nyuzi ndani ya alumini zinaachia. Hedi inalegea upande mmoja, gasketi inapitisha maji. Alipofungua, bolti mbili za nyuma zilikuwa zinazunguka tu bila kukaza. Moja ilitoka na vipande vya alumini vimeng'ang'ania kwenye nyuzi zake.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Akatoa simu, akampigia fundi wake wa siku zote aje aone. Akaja na pikipiki, akainama, akatazama muda mrefu. Nilidhani ataona aibu au atajitetea. Akamgeukia yule mzee, "Samahani mzee wangu, hii pampu ya kupimia inauzwa wapi?"

Tulilipa nini

Hizi ni bei zetu za Morogoro, za wakati ule tulipolipa. Kwako zinaweza kuwa tofauti, lakini uwiano wake utakusaidia.

Kupima: Sh 30,000.
Seti ya gasketi: Sh 150,000.
Bolti mpya za hedi: Sh 90,000.
Kutoboa na kuweka nyuzi mpya za chuma ndani ya bloku: Sh 350,000.
Kusawazisha uso wa hedi kwa mkerezaji: Sh 70,000.
Thamostati mpya: Sh 45,000.
Kulanti, oili na filta: Sh 160,000.
Ufundi: Sh 350,000.

Jumla Sh 1,245,000. Angalia tena mstari wa kwanza. Kipimo cha Sh 30,000 ndicho kilichotangulia kukosekana, na badala yake tukanunua vipuri vya Sh 585,000.

Je, ilikuwa sahihi kutengeneza badala ya kuuza? Hesabu tuliifanya mezani. Gari bovu, dalali anatoa milioni tano. Gari zima la aina ile lilikuwa linauzwa karibu milioni tisa. Tofauti ni milioni nne, matengenezo ni milioni moja na robo. Hapo unatengeneza. Kama bloku ingekuwa imepasuka, tulikadiriwa Sh 2,800,000 kuweka injini ya mtumba, na hapo tungefikiri mara mbili, maana injini ya mtumba ya aina ileile inaweza kuja na ugonjwa uleule. Kanuni yangu: linganisha gharama na thamani itakayoongezeka. Pesa uliyokwisha kuimwaga nyuma usiihesabu, hiyo hairudi kwa kufanya lolote.

Magonjwa mengine ya RAV4 hizi

Injini ilipopona, yule mzee akatuonyesha mengine ya kutazama. Nayaandika kwa kifupi.

*D-4 kutotulia.* Kwenye injini hii petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye injini za kawaida petroli hupita kwenye vali za kuingizia hewa na kuziosha. Humu haipiti, kwa hiyo masizi yanajaa. Dalili ni gari kutetemeka ikiwa imesimama, na kukosa nguvu. Kuna pia pampu ya mafuta ya mgandamizo mkubwa, ambayo haipendi kabisa petroli chafu. Usiruhusu kuuziwa pampu kabla ya kusafisha njia ya hewa na kuangalia plagi. Sisi plagi nne na usafishaji vilitugharimu Sh 130,000, na mtetemo ukaisha.

*Maunti za injini.* Kama mtetemo unakuja ukiweka gia ya D ukiwa umekanyaga breki, na ukiweka N unapungua, anza kukagua maunti kabla hujamlaumu fundi wa injini.

*Kula oili.* Hii ni ya 1.8, injini ya 1ZZ-FE ya miaka ile. Pete za pistoni zinajaa masizi, oili inapanda na kuungua. Gari haivuji, lakini stiki inashuka. Ukinunua ya aina hii, pima oili kila wiki. Wengi wanaua injini kwa kusubiri taa ya oili iwake.

*Giaboksi kushtuka.* Oili ya giaboksi ya kwetu ilikuwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua. Tulibadilisha pamoja na filta, Sh 147,000. Tumia aina iliyoandikwa na mtengenezaji, kwa giaboksi ile ni Type T-IV. Kama bado inashtuka, gari lisomwe kwa kompyuta kabla mtu hajakwambia "giaboksi imekufa". Kwenye baadhi ya RAV4 za mwanzo wa miaka ya 2000, kompyuta ya injini ikiharibika ndiyo huifanya giaboksi ibadilishe gia kwa kishindo.

*Miguu.* Makorongo yanamaliza stablaiza linki, bushi na shokapu. Ukisikia "kokoko" mbele kwenye vishimo vidogo, mara nyingi ni linki, kitu cha bei ndogo. Tairi za nyuma zikiliwa upande wa ndani, kagua bushi za nyuma kwanza ndipo upeleke alaimenti. Ukianza na alaimenti bushi zikiwa zimekufa, umechoma pesa. Vyote hivyo kwetu Sh 290,000.

*Tairi.* RAV4 hii inaendesha miguu yote minne muda wote. Tairi mbili mpya na mbili zilizolika hazizunguki sawa, na difu ya katikati ndiyo inayoumia. Tulilazimika kununua zote nne, Sh 680,000.

Ukijumlisha kila kitu kwenye daftari, kwa miezi kumi na minne tulitumia Sh 3,077,000, mbali na petroli na bima. Ni karibu theluthi ya bei ya kununulia. Kwa hiyo mwenzangu wa kantini, kama una milioni tisa na nusu, usinunue gari la milioni tisa na nusu. Nunua la milioni saba, zilizobaki ziweke.

Ukienda kununua

Fika asubuhi, gari likiwa halijawashwa. Gusa bonneti, ikiwa ya moto, muuzaji ameshaipasha ili usione inavyoamka. Fungua kifuniko cha rejeta (injini ikiwa ya baridi tu, ukifungua ya moto utaungua). Maji yawe ya rangi ya kulanti. Yakiwa ya kutu, uliza limekuwa likinyweshwa nini. Chomoa stiki ya oili, uangalie kiwango na rangi. Kwa tochi na kioo tazama nyuma ya injini, palepale nilipotazama mimi. Washa, liache dakika ishirini likiwa limesimama, halafu lipandishe mlima. Lipa mtu mwenye pampu ya kupima mgandamizo. Muuzaji akikataa lisipimwe, shukuru kwa muda wako, ondoka.

Na kwa fundi yeyote, jifunze sentensi moja, iseme kwa heshima: "Naomba unionyeshe kwanza." Fundi mzuri hakasiriki. Mimi ni msichana, kuna gereji ambako nikiuliza swali jibu linaelekezwa kwa Baba. Nimezoea. Narudia swali, naandika jibu.

Nilienda mafunzo kwa vitendo mwezi uliofuata, kodi ililipwa na karoti. Darasani nilimkuta mtoto mmoja kidato cha pili anayepata sifuri Hisabati kila jaribio. Mwalimu mwenzangu akashauri apewe mazoezi zaidi, kisha tuisheni, kisha akae na wazazi wake. Nikamsogeza dawati la mbele kwanza, nikamwuliza anasoma nini ubaoni. Alikuwa haoni.

Gari bado lipo. Wiki iliyopita Baba alinipigia, mshale wa joto umegusa juu kidogo tena. Kabla sijasema kitu akaniambia, "Nimeshampeleka kijana wangu, ana pampu yake sasa. Tunasubiri ipoe ndiyo apime."